Maumivu ya Mwili Baada ya Kushinda Shambani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mkoa wa Tabora una msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kuisha Aprili. Mvua za kwanza zikishanyesha, watu wengi ambao kiangazi chote walikuwa ofisini, dukani, darasani au kwenye bodaboda hushika jembe kwa siku mbili tatu mfululizo ili wawahi kupiga matuta. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya nje kidogo ya mji, na kila mwaka katika wiki hizo huwapokea watu wanaoingia wameshika kiuno, wengine wakishindwa hata kuketi kwenye benchi bila kujiegemeza ukutani. Maswali yafuatayo ndiyo wanayoniuliza. Nimejibu kwa urefu pale ambapo nimeona watu wakipata madhara kwa kukosa maelezo, hasa kuhusu malaria na kuhusu dawa.

Siku niliyolima nilikuwa mzima kabisa. Kwa nini maumivu yamekuja kesho yake?

Maumivu haya yana tabia ya kuchelewa. Huanza kusikika kati ya saa 12 na 24 baada ya kazi, hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hupungua na kwisha ndani ya siku 5 hadi 7. Chanzo chake ni michaniko midogo sana, isiyoonekana kwa macho, katika nyuzi za misuli ambazo hazikuizoea kazi ile. Mwili unapoanza kuzikarabati nyuzi hizo, maji na chembe za kinga hukusanyika mahali pale, msuli huvimba kidogo, na mishipa ya fahamu iliyopo hapo huwa nyepesi kuhisi maumivu. Ukarabati huo hauanzi papo hapo, na kwa sababu hiyo mtu hulala vizuri usiku wa Jumamosi, halafu Jumapili asubuhi akashindwa kuinama kufunga kamba za viatu kabla ya kwenda kanisani.

Aina ya kazi ina athari kubwa kuliko hata muda wake. Msuli huchanika zaidi unaporefuka huku umejikaza kuzuia mzigo kuliko unapojikunja kuuinua. Mtu anayeshusha gunia la mahindi taratibu kutoka begani anaiumiza misuli yake zaidi ya anayelipandisha. Mlimaji naye, kila jembe linaposhuka, misuli ya nyuma ya mapaja na ya mgongo hurefuka ikiwa imekazwa ili kiwiliwili kisianguke mbele, na jambo hilo hutokea mara mamia kwa asubuhi moja. Kwa sababu hiyohiyo, ndugu zetu wa Kigoma wanaolima kwenye miteremko ya Kalinzi huniambia kwamba kinachowaumiza mapaja si kupanda mlima asubuhi, bali kuteremka jioni na mzigo wa mihogo kichwani.

Je, si ile asidi inayobaki kwenye misuli?

Hapana, ingawa maelezo hayo yamefundishwa kwa miaka mingi na bado wapo walimu wanaoyarudia. Asidi ya laktiki huongezeka mtu anapofanya kazi ya nguvu, lakini huondolewa kwenye misuli na damu ndani ya takriban saa moja baada ya kupumzika, kwa hiyo haiwezi kuwa ndiyo inayouma siku ya pili. Mwaka 1902 mtafiti wa Marekani, Theodore Hough, alikuwa tayari ameandika kwamba maumivu yanayochelewa yanatokana na michaniko ndani ya msuli wenyewe. Ninalisisitiza hili kwa sababu wanaoamini habari ya asidi hunywa magadi au maji ya limau kwa wingi wakitegemea kuisafisha, nayo hayawasaidii.

Bibi yangu ana zaidi ya miaka 60 na analima tangu alfajiri bila kulalamika. Mimi kijana nimelala. Nina tatizo gani?

Huna tatizo. Bibi yako ana mazoea, nawe huna. Msuli uliowahi kuumizwa na kazi fulani hujijenga upya kwa namna inayoustahimilisha kwa kazi hiyohiyo, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa hata kama kazi haikurudiwa. Anayelima kila msimu, akapalilia, akavuna, akachimba viazi, haiachi kinga hiyo ipotee. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, waliobeba mizigo iliyokaribia kilo 30 kutoka Unyanyembe (eneo la Tabora ya leo) hadi pwani, walianza safari hizo wakiwa wavulana wenye mizigo midogo. Hakuna aliyeamka siku moja akabebeshwa pembe nzima ya ndovu. Wewe umetoka kwenye kiti na kwenda moja kwa moja kwenye robo ekari.

Nitajuaje kwamba ni uchovu wa jembe na si malaria?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote katika ukurasa huu, kwa sababu Tabora na Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na msimu wa jembe ndio huohuo msimu wa mbu. Maumivu ya mwili mzima ni dalili ya yote mawili. Watu hukosea pande zote mbili, nami nimeona makosa yote mawili katika wiki moja.

Kijana mmoja, mwalimu, alikuja siku ya tatu baada ya kupiga matuta ya viazi. Alisema, "Daktari, malaria imenishika vibaya," na alikuwa ameshameza dozi ya kwanza ya dawa mseto aliyopewa na jirani. Nilimwomba aguse mahali panapouma. Aligusa nyuma ya mapaja, kiuno, na kati ya mabega, kisha akashindwa kuunyosha mkono wa kulia kwa sababu msuli wa mbele ulikuwa umekaza. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge yaliyopasuka chini ya kila kidole. Joto la mwili lilikuwa nyuzi 36.7, alikula vizuri, hakuwa na kichefuchefu, na kipimo cha haraka hakikuonyesha malaria. Siku iliyofuata akaja baba wa makamo aliyeletwa na mke wake. Kwa siku nne alikuwa akisema ni jembe tu, huku usiku akitetemeka ndani ya blanketi mbili. Joto lilikuwa nyuzi 39.2 na kipimo kikaonyesha malaria. Alichelewa, lakini alipona.

Tofauti kati ya watu hao wawili inaweza kuonekana hata nyumbani. Uchovu wa jembe unauma pale palipofanya kazi. Ukibonyeza msuli unauma, ukiutumia unauma, ukitulia kabisa unapungua sana. Hauleti homa, hauleti baridi ya kutetemeka, hauharibu hamu ya kula, na kila siku inayopita baada ya siku ya tatu ni afadhali kuliko ya jana. Malaria huuma hata umelala, huuma kichwa na viungo ambavyo havikushika kazi yoyote, huja na homa, kutapika au uchovu usio na kipimo, na haipungui kwa siku. Joto la kwapani likifika nyuzi 37.5 au zaidi, usilihesabu kuwa ni uchovu, hata kama ulilima ekari nzima. Nenda kapime. Kipimo cha haraka kinahitaji tone moja la damu ya kidoleni na majibu hupatikana ndani ya takriban dakika 15 hadi 20.

Nawasihi pia msimeze dawa mseto kwa kukisia. Dozi kamili ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku 3, na anayemeza vidonge vinne vya jirani kisha akaacha hajatibu chochote: kama alikuwa na malaria, ameificha kwa muda tu, kama hakuwa nayo, amemnyima mgonjwa mwingine dawa yake. Mtoto mdogo au mama mjamzito mwenye homa asisubiri hata usiku mmoja nyumbani.

Nimeze dawa gani ya maumivu?

Wengi hawahitaji dawa yoyote. Anayeshindwa kulala kwa maumivu atosheke na paracetamol: kwa mtu mzima, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, bila kuzidi vidonge 8 ndani ya saa 24. Mwenye mwili mdogo sana, mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe kila siku anapaswa kupunguziwa kiasi hicho, na ni heri aulize kwanza. Dawa hii hushusha homa pia, kwa hiyo pima joto kabla hujaimeza, la sivyo unaweza kuifunika dalili uliyopaswa kuiona.

Diclofenac na ibuprofen hupunguza maumivu kwa nguvu zaidi, lakini zina gharama yake mwilini. Zisimezwe na mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito, wala mtu aliyetoka juani akiwa hajanywa maji ya kutosha, maana figo zilizokauka huumizwa nazo kwa urahisi. Mwenye shinikizo la juu la damu na mwenye pumu waulize kwanza. Kila anayezitumia azimeze akiwa amekula, kwa siku chache tu.

Miaka kadhaa iliyopita, mimi mwenyewe nilimtuma kijana wa nyumbani kwenye duka la dawa baada ya siku mbili za kung'oa visiki, naye akarudi na pakiti mbili zenye majina tofauti. Niliposoma maandishi madogo ya nyuma nikakuta zote mbili zina paracetamol ndani yake, na moja ilikuwa imechanganywa na diclofenac. Muuzaji alikuwa amemwambia ameze zote kwa pamoja. Mtu asiye na mazoea ya kusoma karatasi ile angepitiliza kiwango cha siku bila kujua, na paracetamol iliyozidi huharibu ini kimyakimya. Someni maandishi ya nyuma, au mwombeni muuzaji awasomee kilichomo kwenye kila kidonge.

Kuchua kwa mawese au kukanda kwa maji ya moto kunasaidia?

Kunasaidia kutuliza, na mimi sikuzuii. Kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya moto yanayovumilika na kukamuliwa, kikawekwa mgongoni kwa dakika 15, hulegeza misuli iliyokaza. Kuchua taratibu kwa mafuta yoyote safi, yawe mawese ya Kigoma, ya nazi au ya mgando, hupunguza maumivu kwa saa chache. Kazi ya mafuta ni kuurahisishia mkono kuteleza tu. Nguvu ya uponyaji haimo ndani yake. Kuchua kwa nguvu hadi mtu akalia, kama wafanyavyo baadhi ya wachuaji wetu, huongeza michaniko ambayo mwili unajitahidi kuishona. Dawa za kuchua zenye kuwasha zisipakwe penye kidonda, na usiweke kitambaa cha moto juu yake, kwani ngozi inaweza kuungua. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asikandwe kwa maji ya moto kwenye miguu hiyo.

Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na ukauma kwenye shavu la mguu bila mwenzake kuwa hivyo, usiuchue kabisa. Huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kuichua kunaweza kuisafirisha hadi kwenye mapafu. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kunyoosha viungo kabla na baada ya kazi kutazuia maumivu?

Kidogo sana. Kunyoosha kunampa mtu wepesi, lakini hakuizuii michaniko niliyoieleza.

Nilale hadi nipone, au niendelee kulima?

Lala usiku wa kutosha, lakini usishinde kitandani mchana. Msuli unaouma unapata nafuu ukitembezwa: tembea hadi kisimani, osha vyombo, fagia uwanja, endesha baiskeli polepole. Damu hupita, ukakamavu hupungua, na maumivu hurudi nyuma kwa muda ule. Usikosee na kufikiri kwamba nafuu hiyo ni kupona, kwa sababu nguvu ya msuli uliochanika hushuka kwa siku kadhaa, na jembe zito katika mikono iliyolegea hukata mguu wa mwenyewe.

Kula chakula chenye kujenga mwili. Maharage, karanga, dagaa au migebuka pamoja na ugali vinatosha. Hakuna haja ya kununua unga wa makopo. Michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na chai peke yake itakupa nguvu ya siku, lakini haina protini ya kutosha kukarabati misuli. Pombe ya jioni ya siku ya kulima hukausha mwili ambao tayari umepoteza maji mengi kwa jasho, na hupunguza usingizi mzito ambao ndio unaorudisha nguvu.

Kiuno changu ndicho kinachouma zaidi. Je, uti wa mgongo umepinda?

Mara nyingi sana hapana. Mlimaji mgeni huinama kwa kukunja mgongo huku magoti yamenyooka, akakaa hivyo kwa saa tatu. Misuli ya kando ya uti wa mgongo hubeba mwili wote, na siku ya pili hukaza kama ubao. Maumivu hayo hukaa pande zote mbili za kiuno, hayashuki kupita goti, na huanza kulegea ndani ya siku chache.

Maumivu yanayoshuka kama umeme kutoka kiunoni kupitia tako na nyuma ya paja hadi chini ya goti, hasa yakiambatana na ganzi, yanaweza kutokana na diski (kile kigegedu kilicho kati ya pingili za uti wa mgongo) iliyobana mshipa wa fahamu. Mengi ya hayo pia hupona bila upasuaji, lakini yanahitaji kuangaliwa na mtaalamu. Hali za dharura ni hizi: mguu kukosa nguvu, ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, kushindwa kukojoa au kushindwa kuzuia haja. Mwenye moja ya hizo asisubiri kesho. Afikishwe hospitali ya mkoa, yaani Kitete kwa walio Tabora au Maweni kwa walio Kigoma. Mzee aliyesikia maumivu makali ya ghafla mgongoni baada ya kuinua kitu naye apelekwe, kwa kuwa mfupa wake unaweza kuwa umevunjika hata kwa mzigo mdogo.

Maumivu ya kifua yanayobana na kusambaa kwenye mkono wa kushoto au taya, pamoja na jasho jembamba na kukosa pumzi, hayahusiani na jembe hata kama yalianza ukiwa shambani. Huo ni moyo, na kila dakika ina thamani.

Mkojo wangu umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Ni kukosa maji tu?

Mkojo wa njano iliyokolea ni ukosefu wa maji, nao husafika ukinywa maji ya kutosha kwa saa chache. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea au ya soda nyeusi, kwa mtu ambaye misuli yake imevimba, inauma kupita kiasi na haina nguvu, ni dalili kwamba nyuzi nyingi za misuli zimevunjika na yaliyomo ndani yake yanapita kwenye damu na kuziba figo. Ni tukio la nadra, na huwapata zaidi waliofanya kazi kupita uwezo wao kwenye jua kali bila kunywa maji. Usimeze diclofenac wala ibuprofen, wala usijitibu kwa maji peke yake. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Malaria kali nayo inaweza kuugeuza mkojo rangi, kwa hiyo kwa vyovyote safari ni ya hospitali.

Viganja vimefanya malengelenge. Niyapasue?

Usiyapasue, ngozi ile ya juu ndiyo bandeji bora. Yakipasuka yenyewe, osha kwa maji safi na sabuni, acha ngozi iliyolala juu yake, funika kwa kitambaa safi. Aliyejikata kwa jembe au kuchomwa na mwiba aende kusafishwa kidonda na kuulizwa kuhusu chanjo ya pepopunda, kwa sababu vimelea vyake huishi kwenye udongo.

Nilivuna tumbaku, si kulima, lakini nimepata kizunguzungu na kutapika. Je, ni uchovu uleule?

Si uleule. Kwa wakulima wa Urambo, Kaliua na Sikonge hili ni jambo la kulijua vizuri. Nikotini iliyomo kwenye majani mabichi hupenya ngozi, hasa majani yakiwa na umande au mvua na nguo zikiwa zimelowa. Dalili zake ni kichefuchefu, kutapika, kuumwa kichwa, kizunguzungu na kuishiwa nguvu, na huanza saa chache baada ya kushika majani. Toka shambani, vua nguo zilizolowa, oga kwa sabuni, kunywa maji, pumzika. Dalili nyingi huisha ndani ya siku moja au mbili. Anzeni kazi hiyo baada ya umande kukauka, vaeni mikono mirefu na glavu, na msiwapeleke watoto kuvuna majani mabichi.

Mwakani nifanyeje ili nisiteseke hivi?

Anza mapema na anza kidogo. Wiki mbili tatu kabla ya mvua, lima nusu saa kwa siku moja, kisha pumzika siku moja au mbili, kisha uongeze. Hata vipande hivyo vidogo vya kazi, ukivifanya kwenye ua wa nyumba tu, vinatosha kuipa misuli ile kinga niliyoitaja kwenye habari ya bibi.

Siku yenyewe, piga tupa jembe kabla ya kutoka nyumbani, kwa kuwa jembe butu hukulazimisha kulipiga mara mbili pale ambapo mara moja ingetosha. Chagua mpini unaokuruhusu kulima bila kukunja mgongo hadi mwisho. Tanguliza mguu mmoja, kunja magoti, inama kwa nyonga, na ubadilishe mkono wa mbele kila tuta moja likiisha. Mikono itakataa mwanzoni, lakini itazoea. Usifanye kazi moja kwa saa nyingi: lima kwa nusu saa, kisha kusanya majani, kisha panda, kisha urudi kwenye jembe. Udongo wa kichanga wa juu hauna ugumu mwingi baada ya mvua, lakini ule mweusi wa mbugani, ambako watu wanalima mpunga, hunata kwenye jembe na kuliongezea uzito, kwa hiyo anayeanza asianzie huko.

Fika shambani alfajiri na uache jua linapokuwa kali, ukiwa na chupa ya maji ya kunywa kidogo kidogo tangu mwanzo. Matuta manane siku ya kwanza yanatosha kwa mtu aliyetoka ofisini. Yaliyobaki utayakuta palepale keshokutwa.